Unaenda BTP na laptopu? Panga kipindi kwanza, waya baadaye

Shuleni kwetu kila mwaka tunapokea wanachuo wa BTP, yani mazoezi ya kufundisha, na kila mwaka lazima kuna mmoja anashuka kwenye bodaboda na begi la laptopu mgongoni, projekta ya kuazima kwenye mfuko wa rambo, na uso wa mtu aliyekuja kufuta ubao Tanzania nzima. Nampenda sana huyo mtu mana na mi nilikuwa hivohivo. Haya naandika kwa ajili yake, yani wewe mwalimu mtarajiwa uliyesoma kozi ya teknolojia ya elimu chuoni, ukapata A yako safi, alafu unapangiwa shule ya kata yenye madogo 70 darasani na soketi moja tu ofisini kwa mkuu.

Kwanza nikwambie yaliyonikuta. Kipindi changu cha kwanza na projekta kilikuwa Bios kidato cha pili, mada ya usafirishaji wa vitu kwenye miili ya viumbe hai, dakika 40. Nimeandaa slaidi 42, kila moja maneno yanaruka toka pembeni kama kadi ya harusi ya WhatsApp. Nafika darasani, laptopu yangu ina tundu la HDMI peke yake, projekta ni ya kizamani inataka VGA, adapta sina. Nikamtuma dogo mbio kwa fundi simu wa senta, karudi baada ya dakika kumi na kitu, nikachomeka, picha ikatokea, darasa likapiga makofi kabisa, alafu luku ikaisha. Supavaiza yuko nyuma kakaa kwenye dawati la wanafunzi magoti yanagonga meza, anaandika tu. Baadaye hakunigombeza hata, aliniuliza, "Mwalimu, leo bila ile mashine ulitaka watoto waweze kufanya nini?" Nikaanza kumsimulia slaidi zangu. Akarudia swali lilelile. Sikuwa na jibu, nikawa naangalia viatu.

Lile swali ndo naanza nalo mpaka leo kila nikiandaa kipindi chenye kifaa chochote.

Anza na swali la mwisho

Kabla hujawasha laptopu chukua karatasi, andika swali moja ambalo dogo akilijibu mwisho wa kipindi we mwenyewe utaamini kaelewa. Moja tu. Chuoni tulizoea kuandika "kila mwanafunzi aweze kueleza mzunguko wa damu", sasa kueleza ni nini, si atakariri mistari mitano ya notisi akutapikie na kesho kutwa kasahau. Mi siku hizi naandika hivi: tone la damu limetoka kwenye dole gumba la mguu wa kushoto, lifuate mpaka lirudi palepale, taja kila chumba cha moyo linachopita na useme oksijeni limeichukulia wapi. Ukishakuwa na swali kama hilo unaona kabisa kitu gani kinatakiwa kifundishwe na kipi ni mapambo. Historia ya nani aligundua mzunguko wa damu, nzuri sana, ila haimsaidii huyu dogo kujibu, inatoka. Slaidi zangu 42 zingepigwa na swali hili zingebaki tatu.

Kwenye fomu ya andalio la somo utajaza umahiri mkuu, umahiri mahususi na mengine yote kama mtaala ulioboreshwa wa 2023 unavyotaka, au kama shule bado ina fomu ya zamani utajaza lengo kuu na lengo mahususi, haina shida, fomu zinabadilika. Hilo swali lako liweke kwenye upimaji na usilibadilishe hata ukipata video tamu kiasi gani.

Tafuta mahali chaki inaposhindwa

Hapa ndo penye kazi yote na ndo wengi wanaparuka, kwahiyo niruhusu niongee sana.

Chukua kipindi chako kikate vipande vidogovidogo, andika kimoja chini ya kingine kwa mkono. Moyo una vyumba vinne. Kulia na kushoto ni wapi. Damu inaingia wapi inatokea wapi. Vali zinafanya nini. Mapigo yanapanda kwa nini ukikimbia. Sasa pembeni ya kila kipande jiulize kwa ukweli kabisa, chaki inatosha au inashindwa? Ukijibu inatosha, tumia chaki, usione aibu.

Mfano kuchora moyo. Watu wanakimbilia kuonyesha picha kali ya rangi kwenye projekta, madogo wanasema waaao, ukizima hakuna kilichobaki. Ubaoni unachora mstari mmoja na wao wanachora mmoja, unaweka ukuta wa katikati na wao wanaweka, mkono ukichora na kichwa kinafuata, na mtihani wa NECTA utamwambia achore yeye, hautamwambia aangalie. Kwahiyo hapo chaki inashinda projekta saa mbili asubuhi.

Lakini damu inavyotembea? Unaweza kuchora mishale ubaoni mpaka chaki ziishe, mshale hautembei. Dogo anaona mistari imesimama. Hapo chaki imeshindwa na hapo ndo unaita teknolojia, sekunde 90 za animesheni zinamaliza ugomvi. Kwa ujumla mi nimeona chaki inashindwa pale kitu kinapotembea au kubadilika, pale ni kidogo mno au kikubwa mno au kiko mbali (seli, volkano, sakafu ya bahari), pale ni hatari au ghali kukifanya kwa mikono, na pale inapohitajika sauti. Nje ya hapo mara nyingi unatumia umeme wa watu bure.

Chuoni utakuwa umeimbishwa TPACK, ile michoro ya duara tatu zinazopandana, ya Punya Mishra na Matthew Koehler wa Michigan State University, 2006, ambayo nayo ilijengwa juu ya wazo la Lee Shulman wa miaka ya 80 kwamba kujua somo na kujua kulifundisha somo hilo ni vitu viwili, na mwalimu anahitaji mahali vinapokutana. Wao wakaongeza duara la teknolojia. Wengi tunaikariri kwa ajili ya UE, mtihani wa chuo, alafu basi. Lakini ukiisoma taratibu inasema kitu kilekile cha chaki: kifaa hakichaguliwi peke yake, kinachaguliwa kwa mada hii, kwa mbinu hii. Mtu anayesema "nataka kutumia PowerPoint kesho" bado hajasema anafundisha nini, ni sawa na fundi aliyeamka anasema leo nataka kutumia nyundo.

Kaikague shule kabla hujapanga chochote

Siku ya kwanza ukiripoti usikae tu ofisini kunywa chai. Zunguka. Darasa lina soketi? Inafanya kazi au ni pambo? Nyingi ni mapambo. Luku inaisha lini na nani ananunua? Ufunguo wa stoo ya projekta anao nani, mana unaweza kukuta projekta ipo, mwenye ufunguo yuko semina Dodoma wiki nzima. Madirisha yana mapazia? Jua la saa tano likiingia picha inakuwa kama ukungu, sisi tunabandika maboksi ya katoni kwa selotepu na akinamama wa jikoni wametuazima kanga mbili za kudumu. Na kamsalimie mwalimu wako mwenyeji na mwalimu wa taaluma mapema, waeleze unachotaka kufanya kwa unyenyekevu, usiingie na maneno ya "huku bado mnatumia chaki", utashangaa ekstensheni zote zimepotea.

Simu za wanafunzi zisahau. Shule zetu mwanafunzi haruhusiwi kuja na simu, kwahiyo somo lolote linaloanza na "wanafunzi wataskani" lifute. Kifaa ni chako, kimoja, kwa watu 70, panga kwa hesabu hiyo.

Kama umeme haupo ila mtu ana inveta na betri ya gari, piga hesabu kabla hujaringa. Betri ya volti 12 yenye Ah 100 kwenye karatasi ni Wh (wati-saa) 1200, ila betri za asidi usizinyonye zaidi ya nusu zitakufa, kwahiyo una Wh 600. Projekta ya kawaida inakula kama wati 250, laptopu 50, jumla 300, basi una masaa mawili, toa kidogo kinachopotea kwenye inveta. Inatosha kipindi kimoja cha dabo, yani dakika 80, bila wasiwasi. Kile kiprojekta kidogo cha LED kinakula kidogo zaidi lakini mwanga wake nao ni wa kupiga magoti, kinahitaji giza la kweli.

Na kama hakuna kabisa? Laptopu peke yake inatosha ukijipanga. Gawa darasa makundi sita ya watu kama 12, kundi moja linakuja mezani kuangalia dakika tano, mengine matano yana kazi ya kuandika, mnazunguka. Ni kelele, ni jasho, inawezekana, nimefanya.

Kutafuta vitu, na kuvikagua kama muuza nyama

Pakua nyumbani au chuoni palipo na intaneti, usitegemee bando darasani hata siku moja. Video ya dakika 3 kwa 360p ni kama MB 10 hadi 15 na kwenye ukuta wa darasa inaonekana vizuri tu, hizo HD zinakumalizia bando bure. Weka VLC, ni ya bure na inacheza karibu kila kitu. Vitabu vya kiada viko kwenye Maktaba Mtandao ya TET (Taasisi ya Elimu Tanzania), anza na hivyo ujue kina cha mada, mana video ya chuo kikuu cha Marekani itakupeleka mbali kuliko silabasi. Kwa Fizikia na Kemia tafuta simulesheni za PhET, mradi wa University of Colorado Boulder ulioanzishwa 2002 na Carl Wieman, yule aliyepata Nobel ya Fizikia mwaka mmoja kabla, ni bure, unapakua faili unalifungua kwenye brauza bila intaneti na kadhaa zimetafsiriwa Kiswahili. Hesabu kuna GeoGebra. Kiwix inakubebea Wikipedia kwenye flashi.

Sasa kukagua. Video inaweza kuwa nzuri na bado ikafundisha uongo. Kwenye hii ya moyo nimekutana na mitego mitatu ambayo hakuna aliyeniambia.

Wa kwanza rangi. Karibu animesheni zote zinachora damu isiyo na oksijeni kwa bluu. Nilifundisha, nikasahihisha, nikakuta dogo kaandika damu ya kwenye vena, mishipa inayorudisha damu kwenye moyo, ni ya bluu, na akaniambia tena kwa kujiamini "mwalimu hata mkononi inaonekana". Damu ya mtu ni nyekundu siku zote, ile isiyo na oksijeni ya kutosha ni nyekundu iliyoiva, bluu ni makubaliano ya wachoraji tu. Siku hizi kabla sijabonyeza kucheza nasema kabisa, hii bluu ni ya mchoraji, na nawauliza nani alishatolewa damu hospitali, ilikuwa rangi gani? Ile ya kwenye kichupa imetoka kwenye vena. Imeisha.

Wa pili kulia na kushoto. Picha ya moyo imechorwa kama mtu amekutazama, kwahiyo upande wake wa kulia uko kushoto kwa karatasi. Madogo wanageuza kila mwaka. Dawa yake haina umeme: chora moyo kwenye karatasi kubwa, mwite mmoja mbele aubandike kifuani kwake picha ikitazama darasa, muulize mkono wako wa kulia uko wapi. Wote wanaona wenyewe. Hapo sihitaji kusema tena.

Wa tatu ndo mbaya zaidi kwa sababu video inautengeneza yenyewe. Animesheni inafuata chembe moja ya damu: inaingia kulia, inaenda mapafuni, inarudi kushoto, inatoka mwilini. Mtoto anaondoka anajua moyo unapiga upande wa kulia kwanza alafu wa kushoto, kwa zamu kama watu wanaotwanga kinu kimoja. Siyo. Atria zote mbili, vyumba vya juu, zinabana pamoja, kisha ventrikali zote mbili, vya chini, pamoja. Kwahiyo naisimamisha video katikati nauliza, wakati hili tone liko hapa linasukumwa kwenda mapafuni, upande wa pili wa moyo unafanya nini, umelala? Kimya. Alafu mmoja anasema na wenyewe unasukuma mwalimu. Hilo swali moja kwangu lina thamani kuliko video yenyewe.

Na lugha. Sekondari tunafundisha kwa Kiingereza, mtihani Kiingereza, lakini yule msimuliaji wa kwenye video anaongea kama mtangazaji wa mpira, na lafudhi yake hata mi naomba arudie. Zima sauti. Simulia mwenyewe taratibu, maneno matano ya msingi yawe yameandikwa ubaoni pembeni kabla. Kuna mtafiti anaitwa Richard Mayer wa California ameonyesha kwamba picha pamoja na sauti inaingia vizuri kuliko picha, sauti na maandishi yaleyale yanayosomwa kwa pamoja, yani kusoma slaidi neno kwa neno ni kuwachosha watu. Nakubaliana naye, ila kwa watoto wanaojifunza kwa lugha ya pili yale maneno machache ya msingi lazima wayaone yameandikwa, la sivyo watakuandikia "ventriko" kwa spelingi nane tofauti.

ChatGPT na wenzake: nimeona andalio la mwanachuo limeandikwa "wanafunzi watumie tableti zao kwa makundi ya watu wanne". Tableti zipi bana. Ukiitumia iambie ukweli wako, watoto 70, laptopu moja, dakika 80, kitabu cha TET, na bado kila sentensi ya somo uilinganishe na kitabu. Kinachonisaidia zaidi ni kuiomba initajie makosa ambayo wanafunzi hufanya kwenye mada fulani, alafu nayatumia kutunga majibu ya uongo kwenye maswali ya kuchagua.

Sasa liandike andalio, dakika kwa dakika

Nakupa langu la dabo, dakika 80, uone kifaa kinakaa wapi.

Dakika 10 za mwanzo hakuna projekta. Kila mtu anashika mapigo mkononi, mi nashika stopuwochi ya simu, sekunde 15, wanazidisha kwa 4, wanaandika. Wanaruka dakika moja, vumbi linatimka, wanahesabu tena. Alafu natoa dumu la mafuta ya kula la lita 5 naliweka mezani. Nawaambia moyo wa mtu mzima aliyetulia unasukuma kama mililita 70 kwa pigo moja, ukipiga mara 70 kwa dakika ni ngapi? Wanapiga hesabu, 4,900. Dumu hili, kila dakika, hata umelala. Hilo dumu limeshinda slaidi zote nilizowahi kutengeneza, na kesho nalirudisha jikoni.

Dakika 20 ubao, tunachora pamoja, na yule wa karatasi kifuani.

Dakika 15 video, na hapa ndo pa kuwa makini. Dakika 15 kwa video ya sekunde 90, mana inachezwa mara tatu. Mara ya kwanza kimya, nimewapa swali moja tu kabla, "hesabu tone limepita kwenye moyo mara ngapi". Wasipopewa swali wanaangalia kama tamthilia. Mara ya pili nasimamisha sehemu tatu nilizoziandika kwenye andalio kwa sekunde zake kabisa, 0:22, 0:47 na 1:10, na kila nikisimamisha wanatabiri kinachofuata wanaandika, ndo naachia. Mara ya tatu wao wanasimulia, mi nimenyamaza.

Nikishamaliza hapo projekta inazimwa. Inazimwa kweli, siyo kuacha picha ya desktopu yako na picha ya mchumba wako inawatazama.

Dakika 20 tunatoka nje. Moyo mkubwa umechorwa chini kwa majivu, mapafu upande mmoja, mwili upande mwingine, watoto ni damu, kwenye mapafu unaokota kizibo cha soda, kwenye mwili unakiangusha. Anayepotea njia wenzake wanamzomea kidogo anarudi. Dakika 15 za mwisho lile swali la dole gumba kwenye robo karatasi, kila mtu peke yake, nakusanya.

Hesabu, teknolojia imekula dakika 15 kati ya 80, ukiongeza simu ya stopuwochi ni kama 17. Supavaiza mmoja aliwahi kuuliza mbona kidogo. Nikamwonyesha zile robo karatasi.

Yale mapigo waliyoandika unaweza kuyaingiza kwenye Excel kipindi kinachofuata grafu ikatokea mbele yao, inapendeza, ila wachore wao kwanza kwenye karatasi za grafu, Excel iwe ya kuhakiki tu, kwa sababu ileile ya NECTA.

Mpango wa pili uandikwe, usiwe kichwani

Kwenye andalio langu pembeni ya hatua ya video kuna mstari: "umeme ukikatika". Chini yake nimeandika manila yenye moyo na kipande cha karatasi nyekundu kinachosogezwa kwa mkono na pini. Ni video ya maskini, inafanya kazi asilimia kubwa tu. Sheria yangu ni dakika tatu, kifaa kikigoma zaidi ya dakika tatu naenda kwenye manila na sirudi. Usihangaike mbele ya watoto ukipuliza tundu la waya.

Siku yenyewe fika mapema, jaribu kila kitu kwenye darasa lilelile, kasimame dawati la mwisho usome maandishi, usipoyasoma we na wao hawatasoma. Adapta ya HDMI kwenda VGA nunua yako. Picha isipotokea bonyeza kitufe cha Windows pamoja na P uchague kurudufu. Kwenye VLC kitufe cha nafasi kinasimamisha, mabano ya mraba ya kufungua yanapunguza kasi, E inasogeza picha mojamoja, na hiyo E kwa vali za moyo ni dhahabu. Kwenye PowerPoint bonyeza B skrini inakuwa nyeusi na macho yanarudi kwako. Flashi iliyopita steshenari ikague virusi, zile zinazogeuza mafolda yote kuwa shotikati zimeshaharibu BTP za watu, weka nakala nyingine kwenye simu.

Masomo mengine kwa haraka. Kiswahili, simu yako ni studio, warekodi madogo wakighani shairi uwarudishie wasikie mizani ilipopelea, mshororo wenye mizani pungufu unajisema wenyewe ukiusikia. Jografia, picha za setelaiti za mto uleule miaka tofauti. Fizikia, saketi za PhET kabla ya kugusa waya za kweli, siyo badala yake. Historia sijui sana nisije nikadanganya watu.

Na usipige picha za watoto ukarusha status "kazi na wanangu". Nchi ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na mbali na sheria ni watoto wa watu. Picha ya ubao inatosha kwa faili lako la chuo. Kinachokusaidia zaidi ni kujirekodi sauti yako tu, mkuu wa shule akiridhia, simu iko mfukoni, jioni unasikiliza. Mi nilijisikia nimeuliza "mmeelewa?" mara 31 kwenye kipindi kimoja, na mara zote 31 wamejibu ndiyoooo.

Mwisho kile kisanduku cha tathmini chini ya andalio. Wanachuo wote wanaandika "somo limeeleweka vizuri" na supavaiza wanajua ni uongo. Zipange zile robo karatasi mafungu matatu, waliofika, waliopotea njiani, walioacha wazi, uhesabu. Langu la mwaka juzi lilisomeka hivi: "Waliohudhuria 64. Waliofuata tone mpaka mwisho 38. Waliopotea 19, 14 kati yao wamepotelea palepale, wanatoka mapafuni wanarudi ventrikali ya kulia. Walioacha wazi 7. Video niliisimamisha 0:47, nilitakiwa kusimamisha 0:52 tone likiwa linaingia atria ya kushoto. Kipindi kijacho naanza na hawa 19, manila tu, bila umeme."